Kuifufua mashua kuukuu kwa fedha kidogo: miezi kumi na moja Mkokotoni

Mashua niliyoinunua mwezi wa Januari ilikuwa imelala misimu miwili ya masika chini ya mti wa mkungu, pwani ya Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, mahali ambapo kila aendaye kununua samaki huipita. Urefu wake ni futi 20, yaani dhiraa 13 na ushei kwa kipimo cha mafundi wa kwetu, nayo ina mlingoti mmoja na tanga moja. Marehemu baba yangu alikuwa baharia kwenye mashua ya namna hiyo hiyo, na nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na ngama, pale chini maji yanapokusanyika ndani ya chombo, na kuteka maji kwa upo wakati wakubwa wakishughulika na tanga. Sasa nimeajiriwa ofisini mjini, nina mshahara wa kawaida na watoto wanne wanaosoma, na sijawahi kuwa fundi wa kitu chochote. Nilitaka chombo cha kuvulia siku za mapumziko na cha kuwafundishia wanangu bahari, nikajiwekea kikomo cha shilingi 2,500,000 kwa kila kitu, pamoja na bei ya kununulia. Kazi ilichukua miezi kumi na moja na kugharimu shilingi 5,500,000. Ninaandika ili yule anayefikiria kufanya kama nilivyofanya ajue fedha hizo zilikwenda wapi, zipi zilikuwa za lazima, na zipi nilizipoteza kwa pupa.

Bei tuliyoafikiana ilikuwa shilingi 1,100,000. Mwenye mashua alikuwa ameipaka rangi ya buluu na nyeupe wiki chache kabla, na mimi niliitazama rangi. Nilipanda ndani, nikakaa tezi, yaani nyuma, nikashika mkono wa usukani, na tangu dakika ile sikuwa tena mtu anayenunua kitu. Nilikuwa mtoto anayemkumbuka baba yake. Simlaumu muuzaji kwa lolote, kwa sababu hakunificha jambo nililomuuliza. Mimi ndiye niliyeshindwa kuuliza.

Siku ya tatu baada ya kulipa ndipo nilipokwenda Nungwi kumwomba fundi mmoja mzee, aliyefahamiana na baba, aje kuitazama. Alikuja na nyundo ndogo na bisibisi. Alianza kugonga ubao mmoja mmoja kutoka omo, yaani mbele, kwenda tezi huku ametega sikio. Ubao mzima ulitoa mlio mkavu, na uliooza ulitoa sauti nzito kama ya gunia la mchanga. Kisha akaingia ndani, akainua vibao vya kukanyagia, akayafagia majani yaliyojaa ngamani, akalichoma taruma moja, yaani ubavu mmoja katika zile mbavu zinazoshikilia mbao, kwa bisibisi. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini bila ya yeye kutumia nguvu, na alipoitoa ilikuwa na unyevu.

"Mwanangu, ungeniita kabla hujatoa pesa," aliniambia kwa upole. "Mkuku ni mzima, mshukuru Mungu. Lakini mataruma haya hayatakuvusha kusi hii inayokuja."

Mkuku ndio uti wa mgongo wa mashua, ule mti wa chini kabisa. Kati ya mataruma 22, tisa yalikuwa yameoza. Mbao 14 zilihitaji kubadilishwa. Nilijifunza siku ile kwamba chombo cha mbao kina maadui wawili na kila mmoja ana makazi yake. Maji ya mvua huozesha mbao kutokea ndani na juu, hasa pale yanapokusanyika yasipate njia: ngamani, chini ya vibao vya kukanyagia, kwenye miguu ya mataruma na pale mlingoti unapokalia. Maji ya chumvi hayaozeshi namna hiyo, lakini yana funza wa baharini, ambao hutoboa mbao zilizo chini ya maji. Tundu lao kwa nje ni dogo kama la sindano, ila ukikata ubao ndani utakuta njia nene kama kidole, zimepakwa kitu cheupe kama chokaa. Fundi alinikatia kipande cha ubao wa chini nikakiona kwa macho yangu. Kwa nje kilikuwa kimepakwa rangi safi kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mlipe fundi siku yake moja aje na bisibisi yake. Siku moja ya fundi wangu ilikuwa shilingi 35,000, na kama angeniambia habari za mataruma tisa kabla ya malipo, ningepata sababu ya kuomba bei ishuke kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Mwombe aanze na mkuku na pale unapoungana na fashini, ule mti unaosimama kwenye ncha ya chombo, kwa sababu mkuku uliooza ni bora uuache hapo hapo pwani, hata ukipewa mashua bure. Kisha mataruma, kisha mbao. Angalia pia michirizi ya kutu inayoteremka kutoka kwenye vichwa vya misumari, maana msumari ukishaliwa na kutu huharibu na mbao inayouzunguka, na kupiga msumari mpya katika tundu hilo hilo ni kazi bure.

Mpangilio huo wa mkuku, mataruma, mbao, na mwisho tanga na rangi, ndio ninaotaka msomaji autie moyoni, kwa kuwa mimi niliufuata kinyume na ukaniadhibu. Wiki ya kwanza, kabla fundi hajafika, nilikwisha kununua kitambaa cha tanga na kumlipa mshonaji, nikanunua na makopo ya rangi. Shilingi 430,000 zilikwenda hivyo. Nilifanya haraka kwa sababu tanga jipya lilinipa furaha. Nililitandaza uani usiku watoto wakalizunguka, na nilihisi kana kwamba mashua imekwisha. Miezi minane baadaye tuligundua kuwa foromali ya zamani, yaani mti unaobeba tanga, imeoza kwenye kiungo chake cha kati. Mti ulionyooka niliomudu kuununua ulikuwa mfupi kwa dhiraa mbili, na tanga lililoshonwa kwa kipimo cha foromali ya zamani likalazimika kukatwa na kushonwa upya kwa shilingi 85,000. Wakati huo lilikuwa limekaa stoo kwa muda mrefu, lina madoa ya ukungu na matundu ya panya.

Muuzaji alitaka mahali pake pawe wazi, hivyo ilibidi tuisogeze mashua. Hapo tulifanya jambo sahihi: tulisubiri bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa kupita kawaida. Kwetu Unguja maji ya bamvua hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na yakishajaa hufika juu kabisa ya mchanga, mahali ambapo maji mafu, yale ya kujaa kidogo, hayafiki. Tuliielesha ikiwa imejaa viraka vya kushikiza, watu wanne wakiteka maji mfululizo, tukaipweleza karibu na nyumba ya shangazi yangu, kisha vijana kumi wakaivuta juu ya magogo ya minazi mpaka mahali pakavu. Tukaitia gadi, yaani miti ya kuitegemeza, pande zote mbili ili isilale ubavu. Wali, samaki na nauli za watu viligharimu shilingi 70,000, na sioni ni vipi kazi ile ingefanyika kwa bei ndogo zaidi.

Kosa lililofuata lilikuwa la kuiacha hapo juani. Chini ya mkungu ilikuwa na kivuli. Kwa shangazi hakukuwa na mti. Nilidhani kukauka ni jambo jema kwa mbao, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwani funza wa baharini hufa chombo kikikaa nchi kavu. Lakini jua la kaskazi la mwezi mzima lilizikausha mbao mpaka nyufa kati ya ubao na ubao zikawa pana kiasi cha kupitisha sarafu, na mbao mbili zilizokuwa nzima zikapasuka kwa urefu. Banda la makuti nililolijenga mwezi wa Machi kwa shilingi 190,000 lingepaswa kuwapo kabla mashua haijafika. Siku hizi mtu akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia makuti na nguzo.

Mwezi wa Februari, fundi akiwa na kazi nyingine Nungwi, mimi na binamu yangu tuliona si vyema kukaa bure. Tuliamua kumpunguzia kazi kwa kung'oa mbao mbovu wenyewe. Jumamosi moja, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, tuling'oa mbao tano zilizofuatana upande wa kushoto. Kwenye saa nane tulisikia mlio mrefu, kama wa mlango unaofunguliwa polepole, na ubavu ule ukafunguka kwa nje mbele ya macho yetu. Mataruma yaliyooza yalikuwa yanasimama kwa kushikwa na mbao, nasi tulikuwa tumeziondoa. Nilikaa mchangani nikashindwa kusema. Binamu yangu alianza kuzirudisha mbao, lakini hakuna hata moja iliyokubali kurudi mahali pake.

Fundi alipokuja hakutukaripia, jambo lililoniumiza zaidi. Alifunga kamba kuzunguka mashua katika sehemu tatu, akazikaza kwa kuzisokota kwa vijiti, kidogo asubuhi na kidogo jioni, na ndani akaweka mihimili ya kuzuia upande wa kulia usifuate. Siku sita za ujira wake na wa msaidizi wake zilikwenda kulirudisha umbo, ambazo ni shilingi 312,000. Kanuni yake ni kwamba ubao hung'olewa mmoja, na wa pili hauguswi mpaka wa kwanza umerudishwa au umepata mbadala wake, tena huruki kwenda kwa jirani yake. Unang'oa huku, kisha upande wa pili, ili chombo kisilemee. Na kabla ya ubao wowote kuguswa, mataruma ya mahali hapo yawe yameshughulikiwa.

Mataruma ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote. Hayachongwi kutoka katika mbao iliyonyooka, kwa sababu ukiukata mti ulionyooka uwe na kona, nyuzi zake zinakatika na unavunjika hapo hapo. Hutafutwa mti ambao Mungu mwenyewe ameupinda. Fundi alikunja waya mnene ndani ya mashua kufuata umbo la kila taruma, akazifunga nyaya zote pamoja, na tukazunguka mashambani tukizinyanyulia matawi ya mitondoo moja baada ya nyingine. Kuna siku tulitembea tangu asubuhi tukapata tawi moja tu. Kwa mwenye haraka hii ni adhabu, lakini kwangu zilikuwa siku za kujifunza kuutazama mti. Nilichukua barua ya sheha na kibali cha misitu kabla ya kukata chochote, na namsihi kila mtu afanye hivyo, kwani mtondoo uliokatwa bila kibali unaweza kuchukuliwa pamoja na fedha yako yote. Miti, kibali na usafiri vilifika shilingi 410,000. Katika yale mataruma tisa, matano tuliyabadilisha, na manne ambayo yalikuwa yameoza nusu tuliyaacha, tukayawekea jipya ubavuni, likashikana na lile la zamani kwa misumari. Njia hii ya kuweka pacha ni rahisi zaidi na haihitaji kuufungua ubavu mzima. Ilituokoa siku nyingi.

Masika yalianza tukiwa tumemaliza mataruma sita. Kwa muda wa wiki saba hatukufanya lolote, na hapo ndipo fedha nazo zilipokwisha.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu jambo hili. Nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba mashua itakula milioni mbili na nusu. Kufikia Aprili nilikuwa nimekaribia kiasi hicho na mashua haikuwa na ubavu. Nikaanza kumpa majibu mafupi. Nilikopa kwa rafiki wa kazini bila kumweleza, na ada ya mtoto wa pili ikachelewa. Alijua, bila shaka. Usiku mmoja mvua ikinyesha aliniletea daftari jipya la shule, akaliweka mezani na kusema, "Andika humu kila ulichotoa. Sitaki kukuzuia, nataka tujue tumesimama wapi." Nilikaa mpaka usiku wa manane nikikumbuka na kuandika. Tulipojumlisha hakusema neno kwa muda, kisha akaniomba jambo moja: mashua isitolewe tena fedha ya mwezi kabla ya ada na chakula kutoka. Mwezi wa Juni alinipa zamu yake ya upatu, shilingi 600,000, nikanunulia mbao. Ingekuwa vyema daftari lile lingefunguliwa Januari, tena na yeye akiwa amekaa mezani. Siku za kazi ya fundi na msaidizi wake kwa jumla zilikuwa thelathini tu, kwa shilingi 52,000 kwa siku. Miezi mingine yote ilikuwa ya kusubiri fedha, mvua, miti na bamvua. Anayepanga kazi kama hii apange kusubiri huko.

Mbao tulizotumia ni za mtiki kutoka bara, 14 kwa shilingi 55,000 kila moja. Mvule ungependeza, ila bei yake ilinishinda. Jambo la kuangalia ni ukavu: nilionyeshwa mbao nyingine zilizokuwa rahisi kwa shilingi 15,000 kila moja, lakini zilikuwa zimepasuliwa karibuni na bado zina uzito wa maji, na fundi alizikataa kwa kuzinyanyua tu.

Kwenye misumari pia nilishawishika kupunguza. Tulihitaji kilo 14. Ya kawaida ilikuwa shilingi 4,500 kwa kilo na ile iliyochovywa zinki ilikuwa 7,000, tofauti ya shilingi 35,000 kwa kazi nzima. Nilishanunua mashua iliyoharibiwa na kutu ya misumari, nikakataa kuirudisha kutu hiyo ndani yake. Wazee wetu wa mitepe, vile vyombo vya zamani, walizishona mbao kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, na nilipoyaona matundu meusi yaliyoachwa na misumari ya zamani nilianza kuelewa kwa nini mtu angevumilia kazi ndefu namna hiyo. Fundi alitoboa kila tundu kwa keekee kwanza, ili ubao usipasuke. Kisha alichukua nyuzi chache za pamba, akazizungusha shingoni mwa msumari, chini kidogo ya kichwa, mara tatu au nne, akazichovya katika sifa, yaani mafuta ya samaki, na ndipo akaupiga. Kichwa kilipofika kwenye ubao, pamba ilijibana pembeni mwake na tone la mafuta likatoka. Tundu lile halipitishi maji. Nilihesabu: kila msumari ulimchukua karibu dakika moja, na hakuna hata mmoja alioupiga bila ya pamba.

Kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba, tuliianza Novemba. Pamba hufumuliwa, hukunjwa kama utambi mrefu, hulowekwa sifa, kisha husukumwa kwenye ufa kwa chembeu, patasi ya kazi hiyo, na nyundo ya mbao. Nilidhani kadiri unavyoshindilia ndivyo unavyoziba. Fundi alinionyesha kwa mkono: mbao kavu zikishushwa majini hunywa maji na kuvimba, na ukiwa umeshindilia ufa mpaka umejaa, ubao hauna pa kwenda isipokuwa kusukuma mataruma na kung'oa misumari yake. Pamba iwe na nafasi ya kubanwa. Sauti ya nyundo ndiyo inayomwambia lini aache; mwanzo inapiga kwa uzito, na pamba ikishakaa inakuwa na mlio wa juu zaidi. Baada ya wiki nzima nami nilianza kuisikia.

Hata hivyo nilikuwa na njia yangu ya mkato. Mtu mmoja alinishauri kwamba nyufa tatu za chini kabisa, ambazo zilikuwa pana kwa ajili ya lile jua la Februari, nizijaze gundi ngumu inayotumika kwenye boti za faiba. Nilifanya hivyo Jumapili, fundi hayupo, na zikaonekana nzuri mno, laini, kama hazijawahi kuwa nyufa.

Kwa upande wa chini tulipaka deheni, yaani chokaa na shahamu ya ng'ombe. Shahamu huyeyushwa kwenye moto mdogo, chokaa humiminwa kidogo kidogo huku mtu akikoroga, na mchanganyiko hupakwa kwa mikono ungali wa moto kiasi cha kuvumilika. Harufu yake hukaa nguoni siku kadhaa. Chokaa na shahamu havikuzidi shilingi 65,000, bei ndogo kuliko kopo moja la rangi ya kuzuia viumbe wa baharini niliyoiulizia mjini. Deheni haidumu, inabidi kurudiwa kila baada ya miezi michache. Kwa mtu mwenye pwani, gadi na bamvua mbili kila mwezi, kurudia huko si tatizo.

Tuliishusha mwishoni mwa Novemba, wakati wa tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, kwenye bamvua ya mwezi mpevu. Saa kumi jioni maji yalifika kwenye mkuku, saa kumi na nusu ikaanza kuelea, na mara hiyo hiyo maji yakaingia kila mahali. Yaliingia kama yanayopita kwenye kung'uto la tui. Ndani ya nusu saa yalikuwa magotini mwangu. Sikuona haya, nililia mbele ya watoto na majirani, kwa kuwa nilifikiri miezi kumi na moja imepotea.

"Iache inywe," alisema fundi, akiwa amekaa juu ya gogo. "Mbao zina kiu. Njoo kesho kutwa."

Tuliiacha imejaa maji, imefungwa kwa kamba pale pale kwenye kina kifupi, maji yakiingia na kutoka kwa kujaa na kupwa. Siku ya tatu tulitoa maji yote wakati wa kupwa na kusubiri. Mbao zilikuwa zimevimba, nyufa zimejifunga zenyewe juu ya pamba, na upande wote wa kulia ulikuwa mkavu. Upande wa kushoto, zile nyufa tatu za gundi zilikuwa zinatiririka. Mbao zilipovimba gundi haikubonyea, ikabanduka na ukingo wa ubao. Tuliipandisha tena bamvua iliyofuata, tukaikwangua gundi kwa patasi kwa shida kubwa, tukapiga pamba, na tukashusha upya. Shilingi 170,000. Nikizijumlisha fedha zilizotokana na pupa yangu waziwazi, yaani tanga, ubavu uliofunguka na gundi, napata shilingi 567,000, na hapo sijahesabu kile ambacho ningepunguziwa kwenye bei ya kununua.

Mengine naweza kuyapita kwa haraka. Foromali, kamba na kuurekebisha mguu wa mlingoti vilikuwa shilingi 240,000. Kwa farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, tulitumia magunia ya mchanga badala ya mawe, kwa sababu jawe likisogea kwenye wimbi hupiga mbao mpya kutokea ndani. Ukaguzi, leseni na maboya manne ya kujiokolea vilichukua shilingi 160,000. Naomba mtu yeyote asiyaache maboya kwa kuwa fedha zimemwishia, ni afadhali achelewe mwezi mmoja. Mkaguzi alitaka kuona nanga na kamba yake pia, na alikuwa na haki.

Tulitweka tanga mara ya kwanza asubuhi moja ya Disemba, kaskazi ikiwa bado changa, tukiwa watu watano: mimi, binamu yangu, wanangu wawili wakubwa, na fundi, ambaye nilimwomba akae tezi. Tulielekea kisiwa cha Tumbatu. Tanga lililokatwa ni dogo kidogo kuliko mashua inavyostahili, na tulipojaribu kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, ilikuwa nzito kugeuka, lakini upepo ulipotukalia ubavuni ilikwenda vizuri, kimya, mlingoti ukilia kidogo tu. Fundi alilegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, kidogo na kuikaza tena, akaweka kiganja juu ya taruma moja jipya, akakiacha hapo kwa muda. Binti yangu alikaa karibu na ngama na upo. Nilikuwa nimemwambia ahesabu. Kutoka Mkokotoni mpaka tuliposhusha tanga Tumbatu alitoa upo kumi na nne, na kurudi upo tisa, nami nikaziandika zote mbili kwenye daftari la mama yake, chini ya mstari unaosema chokaa na shahamu, bamvua ya pili ya Februari.